Haki ya Mtoto katika Mshahara wa Karani

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Chang'ombe, na kupigwa chapa kwa agizo la Halmashauri)



Halmashauri ilitutaka tuzungumze juu ya matunzo ya watoto ambao wazazi wao hawakai pamoja, na hasa juu ya malalamiko yaliyoletwa na baadhi ya wanachama, kwamba sheria ya matunzo huwaonea watumishi wenye mshahara na kuwaacha wengine. Malalamiko hayo twayafahamu, wala si ya upuuzi. Lakini kabla ya kuyajibu ni vema tujue sheria ilivyofika hapa ilipo, maana wengi wetu huishindania barazani bila kuisoma.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria juu ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Mwanamke asiye na mume alipewa njia ya kumwita mahakamani mwanamume aliyezaa naye, ili aamriwe kumlisha mtoto. Fedha zilizoweza kuamriwa ziliwekewa mpaka. Mpaka uliobaki kitabuni, hata sheria hiyo ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ulikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Tafadhalini ndugu, fikirini neno hilo. Mwaka 2009 shilingi 100 hazikutosha nauli ya mtu mzima katika daladala kutoka Temeke hadi Kariakoo, sembuse chakula cha mtoto cha siku thelathini. Mama aliyeshinda kesi yake alitoka mahakamani na haki isiyoweza kumpeleka hata nyumbani.

Watoto wa ndoa walikuwa na sheria yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpasa baba kuwapa watoto wake mahali pa kulala, nguo, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo na hali yake, wakae kwake au wakae kwa mtu mwingine. Mama alipaswa kuchukua mzigo huo ikiwa baba amekufa, au hajulikani aliko, au hana uwezo. Ndipo ikaja hiyo ya mwaka 2009, ambayo haiulizi kwanza kama wazazi walioana. Yauliza mtoto ahitaji nini na wazazi wana nini. Hakimu hupaswa kutazama mapato na mali ya baba na ya mama pia, gharama za maisha za mahali mtoto akaapo, na watoto wengine au watu wengine wanaomtegemea yule atakayelipa. Amri hudumu mpaka mtoto atimize miaka 18, au aanze kujipatia riziki kabla ya hapo, nayo yaweza kuendelea kama bado yumo masomoni. Na neno linalotugusa sisi: mahakama yaweza kushika mapato au mali ya mwenye kudaiwa.

Majirani zetu wa Kenya walipata sheria ya matunzo kama ile yetu mwaka 1959, wakaifuta mwaka 1969. Ilifutwa kwa kelele za wanaume, waliosema kwamba wasichana wameifanya biashara, wanazaa ili walipwe. Bunge lililoifuta halikuwa na hata mwanamke mmoja aliyechaguliwa. Wa kwanza wao, Bi. Grace Onyango, alichaguliwa mwezi wa Desemba wa mwaka huohuo, sheria ikiwa imekwisha zikwa. Watoto wa huko wakangoja mpaka Katiba ya mwaka 2010 ndipo iandikwe wazi, katika ibara ya 53, kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Twayataja haya kwa sababu maneno yaliyosemwa Nairobi mwaka 1969 twayasikia leo hapa Chang'ombe, tena katika vinywa vya watu waliosoma.

Sasa malalamiko. Lile la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba mtumishi wa serikali hukamatwa kirahisi. Ana jina katika daftari, ana kituo cha kazi, ana hati ya mshahara inayoonyesha shilingi kwa senti. Mwenye duka Tandika husema biashara imelala, na nani atahesabu sanduku lake? Mwenye bodaboda husema chombo ni cha tajiri wake. Fundi husema hajapata kazi tangu mwezi uliopita. Hakimu huwaamuru kidogo, au huamuru na asipate. Karani huamriwa, na mwisho wa mwezi fedha zimekwisha ondoka kabla hajaziona. Je, si uonevu?

Twakubali kwamba habari hiyo ni ya kweli. Hatukubali linalofuatishwa nyuma yake. Kama wawili wana deni moja na mmoja hulipa, dawa ni kumtafuta yule wa pili, si kumfungulia wa kwanza. Tena hatuoni kwamba mtoto wa karani atashiba kwa sababu mtoto wa mwenye duka naye ana njaa.

Hebu tuchukue hati ya mshahara tuisome pamoja, maana ndiyo kazi yetu ya kila siku. Juu yake kuna kodi. Kuna mchango wa pensheni. Kuna bima ya afya. Kwa waliosoma vyuoni kwa fedha za Bodi ya Mikopo kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Twanung'unika, lakini yakatwa. Chini yake kuna mkopo wa benki, na mara nyingi mkopo wa pili uliochukuliwa kumalizia wa kwanza. Serikali, kwa kutuhurumia, imezuia makato yasizidi mpaka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Wengi wetu tumeikimbilia theluthi hiyo kama kwamba ni tuzo. Basi siku mama mtoto ajapo na amri ya mahakama, mtumishi huinua hati yake na kusema: "Angalieni wenyewe, hakuna kilichobaki." Naye hasemi uongo. Lakini nani aliyezipanga zile safu? Benki haikwenda kwa hakimu kupata sehemu yake. Yeye mwenyewe aliifuata, akapiga sahihi, akashukuru. Mtoto, ambaye deni lake lilianza siku aliyozaliwa, amewekwa nyuma ya pikipiki, nyuma ya mabati, nyuma ya seti ya viti vya sebuleni.

Hili ndilo tulilokuja kulisema hasa, na yaliyobaki tutayapita upesi.

Husemwa kwamba fedha huliwa na mama: anasuka nywele, ananunua vitenge. Labda yuko mama wa namna hiyo. Lakini mwenye kusema hivyo aulizwe kama amewahi kulipa pango la chumba kimoja, akanunua maziwa, sare, madaftari na viatu vya shule, akaona ni kiasi gani kinachobaki kwa nywele. Wengine hujibu kwamba ada imefutwa: tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi cha sita. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Ada haikuwa sare, wala haikuwa uji wa asubuhi. Kama mtu hana imani na mama, mahakama haikatazi asiombe sehemu ilipwe moja kwa moja dukani kwa sare au kwa mwenye nyumba.

Husemwa tena kwamba baba hakatazwi kulipa ila hukatazwa kumwona mtoto. Hilo ni jambo zito, nasi twawajua wanaume walioumizwa nalo sana. Lakini kuonana na mtoto kuna maombi yake mahakamani, mbali na matunzo, na baba ana haki ya kuyapeleka. Kuzuia chakula ili uruhusiwe kuja Jumapili ni kumfanya mtoto rehani.

Liko na lile la kubambikiwa mtoto. Wazee walisema kitanda hakizai haramu, wakamaliza maneno: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda. Siku hizi kuna kipimo cha DNA, kinachofanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009, nacho hakifanywi kwa mtu kujiendea tu. Huombwa kupitia mahakama, afisa wa ustawi wa jamii, au wengine waliotajwa na sheria. Mwenye shaka ya kweli aombe mapema. Twaona haya kwa ajili ya wale wanaokumbuka shaka yao siku waliyoletewa hati ya mwito, mtoto amekwisha fika darasa la nne na alikuwa akiitwa kwa jina lao.

Hapa kuna kifungu ambacho kila mtu angepaswa kukijua, mwanamume na mwanamke. Maombi ya matunzo dhidi ya mwanamume anayedaiwa kuwa baba yaweza kuletwa kabla mtoto hajazaliwa, au katika miezi 24 tangu kuzaliwa. Ikipita miezi hiyo, mama huweza bado kuomba kama atathibitisha kwamba mwanamume huyo alitoa fedha za matunzo ndani ya miezi 24 hiyo. Kutokana na neno hili umezuka ushauri mbaya vibarazani: usipeleke hata senti, maana ukipeleka umejifunga. Tumeusikia ushauri huo ukitolewa na mtu mwenye cheo, kwa sauti ya hekima. Yaani mtoto anyimwe maziwa miaka miwili ili baba awe salama. Mabibi nao wajue upande wao: ujumbe wa simu unaoonyesha fedha zilizotumwa usifutwe, na miezi isihesabiwe kwa kungoja ahadi.

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 jiji hili liliona jambo ambalo halijasahauliwa. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wakati huo, Bwana Paul Makonda, aliwaita wanawake waliotelekezwa na baba wa watoto wao waende ofisini kwake wasikilizwe. Walikuja umati, wengine na vichanga mgongoni, wakakaa juani siku nzima. Wanasheria na maafisa wa ustawi wa jamii waliwasikiliza. Na watu wakagawanyika. Wengine walisema hatimaye mnyonge amepata mlango. Wengine, nao si wote waliokuwa na la kuficha, waliuliza kama ni haki kumweka mtoto mbele ya kamera ili aibu imfikie baba yake, na kama kiongozi wa mkoa yampasa kufanya kazi ya hakimu. Sisi twaona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Lakini umati ule ulitufundisha jambo lisilohitaji hoja: mahakama zilikuwako, sheria ya mwaka 2009 ilikuwako, ofisi za ustawi zilikuwako, na bado wanawake wale wote hawakuwa wamepata kitu. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia sheria iliyokwisha andikwa.

Na njia yenyewe ni ya miguu. Tangu mwaka 2021 Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kimetuletea karibu mashauri ya ndoa na mirathi, nasi wa upande huu wa jiji twalihesabu kuwa ni neema. Lakini amri ikishapatikana na baba asilipe, ni mama anayerudi tena kuieleza mahakama. Mama auzaye chakula akifunga jiko siku moja, siku hiyo watoto hawali. Baba ajua hivyo. Hulipa miezi miwili, huruka mitatu, akitumaini kwamba mwenzake atachoka kwanza. Na mara nyingi huchoka.

Au baba hupata uhamisho. Hapa twasema na makarani wenzetu wa masjala. Barua ya mahakama yafika ofisini Dar es Salaam, mtumishi amekwisha pelekwa Kigoma. Nani ataifuatisha? Tunaijua ofisi moja, hatutaitaja, ambamo barua ya namna hiyo ilikaa miezi sita chini ya mafaili mengine kwa sababu mwenye kuhusika alikuwa mtu wa watu, na karani wa pale aliona ni utu kumstahi mwenzake. Mtoto hakuwa mwenzake, kwa hiyo hakustahiwa. Karani hana mamlaka ya kutoa hukumu, lakini anayo mamlaka ya kuifanya hukumu isifike, na hiyo si ndogo.

Basi tumeleta maombi matatu. Barua yoyote ya mahakama juu ya matunzo iandikwe daftarini siku ileile ifikapo, na kama mtumishi amehama, imfuate kituoni kwake pamoja na jalada lake. Mwanachama aliye na mtoto mahali pengine asingoje hakimu: aipe benki agizo la kudumu, kiasi kile walichopatana na mama, kabla hajatia sahihi mkopo mwingine.

La tatu lahusu chama chenyewe. Wanachama huja kwetu tuwadhamini mikopo, na fomu yetu yauliza cheo, kituo, mshahara na madeni. Halmashauri imesema fomu hiyo itatengenezwa upya katika kikao kijacho. Twaomba uongezwe mstari mmoja chini ya jina la mwombaji: watoto wake wasiokaa nyumbani kwake ni wangapi, na huwapelekea kiasi gani kila mwezi. Mwanachama anayeona kwamba swali hilo ni kumwingilia mtu nyumbani mwake asimame aseme sasa hivi, mabibi hawa wakiwapo.