Usiulize Mshahara Kabla ya Kuuliza Viza
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa tawi)



Katibu ameniomba niseme juu ya safari za Amerika, kwa kuwa vijana wetu wengi wanaziulizia. Sikuja kuwazuia. Mwaka 1959 Ndugu Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vyetu, alisaidia kupeleka vijana 81 kwa ndege wakasome huko. Lakini wale walijua wanakwenda kufanya nini. Siku hizi mtu huuza shamba lake kwanza, wala haulizi karatasi anayonunuliwa ni ya namna gani.

Viza za muda hutajwa kwa herufi. B ni ya mgeni: B-1 kwa mikutano ya biashara, B-2 kwa matembezi au matibabu. Hiyo si ruhusa ya kuajiriwa, hata kwa siku moja. Wakala akikuambia, "Ingia kama mgeni, kazi utapata ukifika," anakuuzia taabu. Tena tarehe ya kwenye viza siyo ya mwisho wa kukaa; hiyo huwekwa na ofisa wa mpakani unapoingia. Ukiipita kwa zaidi ya siku 180, kisha ukaondoka, utafungiwa mlango miaka 3. Ukiipita kwa mwaka mzima, miaka 10.

F-1 ni ya mwanafunzi. Lazima chuo kimkubali, naye aonyeshe fedha za karo na za kuishi. Wakati wa masomo aweza kufanya kazi pale chuoni, isizidi saa 20 kwa juma. Basi mzazi asitegemee mtoto atajilipia karo.

Herufi yetu sisi ni H. H-1B ni ya wenye shahada. H-2A ni ya vibarua wa msimu mashambani, na H-2B ni ya vibarua wengine wa msimu, nafasi 66,000 kwa mwaka kwa sheria. Katika hizo zote tajiri ndiye aombaye kwanza kwa serikali yake. Kwa H-2A sheria yamlazimisha atoe nyumba bila kodi, na kazi isiyopungua robo tatu ya saa za mkataba, au alipe. Tena kumtoza kibarua wa H-2 ada ya kutafutiwa kazi kumekatazwa. Sasa yule wakala anayedai ada, anaidai kwa sheria gani?

Lakini taabu yenyewe ni hii: ruhusa yako imefungwa kwa tajiri huyo mmoja. Akikufukuza, kazi imekwenda, na ruhusa ya kukaa iko mashakani. Ndiyo maana wengi hunyamaza wakipunjwa. Nayo sheria ya vyama ya Amerika ya mwaka 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashamba! Walakini, kwa sheria ya mwaka 2008, mwombaji wa viza ya H hupewa na ubalozi kijitabu cha haki zake. Usipopewa, kidai.

Mwenye mkataba nyumbani aulete ofisini Jumamosi, kabla hajalipa hata senti moja, tuusome pamoja.