UKITUMWA KWENYE KAMATI, RUDI NA HABARI

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kitui)



Nimeitwa niwape habari za kamati ya maji, ambako ninakaa kwa niaba ya parokia na vikundi vyetu. Habari ninazo, zingine nzuri, zingine si nzuri sana. Lakini kabla ya hizo nina deni ambalo sijawahi kulilipa mbele ya watu, na leo nitalilipa.

Mnakumbuka mwaka 2022. Tangu mwisho wa 2020 mvua ilikuwa imetukosa, msimu baada ya msimu, mpaka ikafika misimu mitano. Ng'ombe walikufa, na kisima chetu kirefu ndicho kilikuwa tegemeo la vijiji vyote hivi. Wakati huo huo jenereta ikaharibika. Kamati ilikaa, ikakopa pesa ya kutengeneza, na ikaamua bei ya mtungi ipande kutoka shilingi 3 hadi 5 ili mkopo ulipwe. Mimi nilikuwa hapo. Niliinua mkono kukubali. Katibu aliandika kila kitu kwenye kitabu.

Halafu nikaenda nyumbani, nikanyamaza.

Sikuwa na ubaya. Nilifikiri mwenyekiti atatangaza. Mwenyekiti naye alifikiri sisi wajumbe tutatangaza. Basi asubuhi akina mama wakafika kwenye kioski na mitungi yao, wakaambiwa ni shilingi 5. Nani amesema? Kamati. Kwa nini? Mwuza maji hajui. Mnajua habari ikikosekana uvumi unaingia mahali pake. Kufikia jioni ilikuwa inasemwa ati kamati inajenga nyumba na pesa ya maji. Vikundi vitatu vikakataa kulipa. Pesa ya dizeli ikaisha na kioski kikafungwa. Akina mama wakarudi kuchimba mashimo mtoni, wanangoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe, wengine usiku, na watoto mgongoni.

Mwaitu mmoja mzee alinikuta njiani na mtungi mtupu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, si tulikutuma wewe? Kwani ulienda kukaa tu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tulichofanya baadaye wengi mlikiona. Tuliita mkutano chini ya mwembe, tukasoma kitabu kwa sauti, mstari kwa mstari, na risiti zikapitishwa mkono kwa mkono. Shilingi 1,400 hazikuwa na risiti. Mweka hazina aliona haya sana. Ikaonekana ni pesa ya pikipiki iliyomleta fundi mara mbili, na fundi mwenyewe akasimama akasema ni kweli. Watu walikubali. Tena walikubali ile bei ya shilingi 5, wakiwemo waliokuwa wameapa kutolipa. Shida yao haikuwa shilingi mbili. Walitaka kuambiwa.

Sasa habari zenyewe.

Pampu inatumia sola tangu mwaka 2024, hilo mnajua. Swali ninaloulizwa kila Jumapili nje ya kanisa ni hili: kama dizeli hainunuliwi tena, na jua ni la Mungu, mbona bado tunalipa? Ni swali halali. Hesabu ni hii. Lita 1,000 ni mitungi 50 ya lita 20, kwa hiyo zinaleta shilingi 250. Hapo toa mshahara wa mwuza maji na wa mlinzi, toa bomba lililopasuka, na kinachobaki kinakwenda benki. Pampu iko chini kabisa ya ardhi, na siku ikifa haitangoja harambee. Dizeli ilikuwa inatudai kila wiki, kwa hiyo hatukusahau. Sola inakaa kimya miaka, halafu inadai yote siku moja. Nimeomba kitabu cha benki kisomwe kila miezi mitatu hapa kwenye mkutano, na kamati imekubali. Ule mwarobaini unaotia kivuli kwenye paneli saa tisa pia utapunguzwa matawi. Nao vijana wanaoanika nguo juu ya paneli, tafadhali.

Habari ya pili ndiyo inaninyima usingizi: mchanga.

Bwawa letu la mchanga lilijaa vizuri baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2023. Wageni huona ukuta na mchanga mkavu wakauliza maji yako wapi. Sisi tunajua yako chini, jua haliyafikii na mbu hawazai humo. Mchanga wa chembe kubwa ukishiba, robo yake na zaidi ni maji. Sasa kuna malori yanashuka mtoni usiku. Yanapakia mchanga juu ya bwawa letu, na yanaonyeshwa njia na watu wetu wenyewe. Sitataja jina la mtu hapa. Ila nataka tuelewane: kijana anayelipwa kupakia lori moja amepakia maji ya mama yake. Wenzetu wa Makueni walifika hatua ya kutunga sheria ya kaunti ya kulinda mchanga, mwaka 2015. Sisi tumeanza kwa kumwona chifu, na ameahidi baraza. Vijana nao wamesema wazi kwamba hawana kazi nyingine, na hilo halijajibiwa na kamati. Mimi naona tusipolijibu, baraza pekee halitatosha.

Na huku juu kwenye mashamba, matuta ya fanya juu yamebomoka. Mvua ikija itashusha udongo, na udongo ukijaa bwawani hauachilii maji kama mchanga. Wazee wetu walikata matuta haya kwa mwethya, jembe kwa jembe. Tumepanga Jumatano mbili kila mwezi mpaka mvua ya Oktoba. Kikundi kitakachokosa kitueleze sababu.

Kwa haraka mambo mawili. Angalieni vyeti vyenu vya usajili. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinatakiwa kuwa na watu wasiopungua kumi na katiba yake, na cheti huwa kinahuishwa. Msingoje siku ya kuomba msaada ndipo mfungue sanduku. Lingine ni lile bomba la kwenda shuleni tuliloahidiwa na kaunti. Tumeandika barua kuuliza limefika wapi. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inampa mwananchi haki ya kujibiwa ndani ya siku 21. Nakala ya barua iko kwa katibu, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mtu yeyote aende aione.

Kamati inakaa tena Jumanne ijayo. Maswali yenu niletewe kufikia Jumapili baada ya Misa ya kwanza, yaliyoandikwa au ya mdomo. Nitarudi nayo kwa Jumuiya Ndogo Ndogo wiki hiyo hiyo, hata kama jibu ni baya. Na yule mama aliyeniuliza kwa nini mita ya kioski cha chini haisomi sawa na pesa inayoletwa, jibu lako bado sina. Nimeomba mita ikaguliwe mbele ya watu watatu wasio wanakamati. Wewe uwe mmoja wao.