Methadoni Asubuhi, Maskani Mchana

Msikilizaji, tangu 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili inawapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni. Kwa kawaida anayetibiwa hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kisha hurudi mtaani. Hapo ndipo panaponiuma. Anarudi kichochoro kilekile, maskani ileile, kwa wauza unga walewale wanaomwita kwa jina, naye hana kibarua wala pa kujituliza. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imetulizwa, lakini sonona inamngoja nyumbani.

Marekani walipima jinsi mtaa unavyomgusa mtu akilini. Kuanzia 1994, katika miji mitano, Chicago ikiwemo, familia za mitaa fukara zilichaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa vocha za kupanga kwenye mitaa yenye nafuu. Miaka kadhaa baadaye, kina mama walikuwa wametulia zaidi kiakili, wasichana vilevile. Wavulana, la, wengine hali zao zilizidi kuwa mbaya. Nadhani kijana aking'olewa kwa wenzake huumia kivyake.

Kwa hiyo siombi watu wahamishwe. Naomba halmashauri zetu, katika bajeti ijayo, ziweke taa vichochoroni, ziache kuuza viwanja vya mpira, na zifungue karakana jirani na kliniki zinazotoa methadoni.