Mwimbaji Aliyevaa Sare ya Keya

  Leo nataka kuwapa habari za watu waliokwenda vitani na gita mkononi.

Katika nchi yetu twajua thamani ya wimbo. Zamani kijana wa Kibarabaig aliyemwua simba alizunguka kwa jamaa zake akiimba, nao wakamtunuku ng'ombe. Kwa Wairaqw, mzee asemapo slufay, mkutano wote humwitikia. Hivyo ndivyo watu wanavyomwambia mwenzao, "Umetenda jambo, nasi tumeona." Basi na tuulize: wanaume wetu walipokwenda Vita Kuu ya Pili, tangu mwaka 1939 hata 1945, ni nani aliyewaimbia?

Walikwenda wengi. Kutoka Tanganyika peke yake walitoka watu zaidi ya 80,000. Wengine waliingia K.A.R., jeshi ambalo watu waliliita Keya. Walipigana Uhabeshi, na Madagaska, kisha wakavuka bahari kwenda Bama. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na Wajapani. Wakafa watu wapata 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Mwaka ule ule Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kifaru, ilipita bonde la Kabaw katika mvua na matope, hata ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba.

Risasi haikuchagua rangi, lakini jeshi lilichagua. Katika Keya ya vita ile maafisa walikuwa Wazungu. Mwafrika aliweza kuwa koplo, au sajini, au sajini meja. Lakini hata akiwa na miaka mingi ya kazi, ilimpasa kumpigia saluti kijana wa Kizungu aliyefika jana. Mshahara ulikuwa mbali na mbali, chakula mbali na mbali, na mahali pa kupumzikia vivyo hivyo. Mtu alitakiwa atoe damu yake pamoja na wengine, kisha asikae nao.

Katika jeshi hilo kulikuwa na kikosi cha burudani cha Waafrika, wengi wao wanamuziki kutoka Kenya na Uganda. Mmoja wao alikuwa Fundi Konde, Mgiriama wa pwani ya Kenya, aliyezaliwa mwaka 1924. Kazi ya kikosi kile ilikuwa kuwachangamsha askari Waafrika waliokuwa mbali na kwao, nacho kilisafiri hata Bama.

Hapo, wasikilizaji, pana jambo la kufikiri. Waliowapa wanamuziki wale sare walitaka askari wacheke, wasahau uchovu, kesho yake waendelee kupigana. Lakini waliokaa kusikiliza walikuwa nani? Mjaluo, Mganda, Mnyamwezi, Mkamba, watu ambao nyumbani wasingalikutana. Kiswahili kiliwaunganisha wengi wao. Jeshi liliwatenga Waafrika kwa ajili ya rangi yao. Nao, wakiisha kutengwa, wakajuana. Mwimbaji aliyezoea kuimbia ngoma ya kijiji kimoja alijikuta anaimbia nchi nyingi kwa mara moja. Cheo alinyimwa, lakini wasikilizaji alipata.

Vita vilipokwisha, serikali ya Kenya ilikuwa na mpango wa kuwagawia mashamba Wazungu waliotoka jeshini. Askari Mwafrika hakuwamo katika mpango ule. Wengi walirudi na nishani na koti la jeshi, wakakuta kodi inawangoja.

Wanamuziki walirudi na kitu ambacho hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Baadhi yao hawakutawanyika, bali wakaendelea kupiga pamoja kwa jina la Rhino Boys, yaani jina la mnyama yule yule wa ile alama, kwanza Uganda, hatimaye Mombasa. Naye Fundi Konde, kati ya mwaka 1947 na 1956, aliimba katika sahani za santuri nyimbo za Kiswahili zilizopendwa pwani na bara. Alifariki mwaka 2000, na nyimbo zake zapigwa hata leo.

Enyi wanafunzi, vitabu vya vita huandika majina ya majenerali na hesabu ya mizinga. Nyimbo za askari aghalabu haziandikwi. Ikiwa katika ukoo wenu alikuwako babu aliyevaa sare ya Keya, waulizeni wazee: alirudi na wimbo gani? Uandikeni katika daftari, pamoja na jina lake na mahali alipopigana. Shukrani aliyostahili hakuipata kwa waliomtuma. Sisi tulio wajukuu wake twaweza kumwitikia, kama mkutano uitikiavyo slufay.