Maji Maangavu ya Kidimbwi Si Maji ya Mtoto

 

Tangu mwaka wa 2009, serikali ilipoanza kuhimiza ufugaji wa samaki katika sehemu nyingi za nchi, familia nyingi zimechimba vidimbwi karibu na nyumba. Hilo ni jambo jema, maana samaki humjenga mtoto mwili. Lakini je, maji ya kidimbwi yakiwa maangavu, mtoto anaweza kuyanywa?

Kwanza tuone jinsi kidimbwi kinavyojisafisha. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula chao hutoa sumu iitwayo amonia. Bakteria wanaoishi juu ya kokoto na mizizi huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Mimea kama matete na nduma huifyonza nitrati hiyo kama mbolea. Ndiyo sababu wafugaji wengine hupitisha maji katika shimo lenye kokoto na mimea, kisha huyarudisha kidimbwini. Kokoto hizo zisioshwe kwa sabuni wala klorini, kwa sababu bakteria hao watakufa na samaki watadhurika.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Usafi huo unamtosha samaki, haumtoshi mtoto. Viini vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu vinaweza kubaki katika maji yanayong'aa. Hata nitrati inaweza kubaki. Ikiwa nyingi, huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni, hasa yule wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya chupa. Kuchemsha huua viini, lakini hakuondoi nitrati. Kwa hivyo usitumie maji ya kidimbwi kutengeneza chakula cha mtoto, hata ukiyachemsha. Miezi 6 ya kwanza, mpe maziwa ya mama pekee.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

1. Zungushia kidimbwi ua imara wenye mlango unaofungwa. Mtoto mdogo huzama kwa dakika chache, hata katika maji machache, tena bila kupiga kelele.

2. Fyeka nyasi za ukingoni. Tilapia hula viluwiluwi vya mbu, lakini hawawafikii waliojificha katika nyasi. Watoto walale ndani ya neti iliyotiwa dawa.

3. Usiwaache watoto waogelee humo. Konokono wa majini wanaweza kuleta kichocho.

Ukiona midomo, ulimi au kucha za mtoto zimekuwa za samawati, au anahara na macho yameingia ndani, mpeleke hospitalini mara moja, usingoje kesho.

Maji ya kidimbwi yaliyobaki, mwagilia sukuma wiki. Mboga hunawiri kwa nitrati hiyo. Lakini osha mboga hizo kwa maji safi na uzipike vizuri kabla ya kuwapa watoto.