Mikataba ya Rushwa na Chenji ya Rada: Maneno Yaliyosemwa Hombolo



Sisi watu wa Visiwani tumefika Hombolo kwa kuwa hapa pana Chuo cha Serikali za Mitaa, na daftari za hesabu za halmashauri nyingi zitashikwa na mikono inayofundishwa hapa.

Serikali ya Muungano iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa mwaka 2005, ikatunga sheria ya TAKUKURU mwaka 2007. Zanzibar nayo ikatunga yake mwaka 2012. Karatasi, basi, hatuna uhaba nazo.

Lakini itazameni ile rada iliyonunuliwa kwa BAE Systems ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kiasi cha paundi milioni 28. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri kosa mbele ya mahakama ya London. Wala si kosa la kutoa hongo, bali la kutotunza daftari zake ipasavyo! Ikatozwa faini ya paundi 500,000, na ikakubali kulipa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya watu wa Tanzania. Fedha hizo, zilizoitwa mitaani chenji ya rada, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati.

Tunawashukuru waliozidai. Hata hivyo usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na elimu ya msingi siyo. Je, mtoto wa Micheweni alipata dawati lipi? Atakayetujibu na atufunulie daftari.