Kundi la Simu na Darasa



Machi 2020, shule zetu zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, walimu wengi hawakungoja waraka. Walifungua makundi ya WhatsApp, wakapiga picha kurasa za vitabu, wakatuma masomo. Ari ile yastahili sifa. Lakini mwanafunzi aliyekuwa na simu ya kisasa nyumbani na fedha za bando ndiye aliyesoma. Mwenzake wa dawati moja alikaa bure hadi shule zilipofunguliwa Juni.

Makundi hayo yangalipo. Yatupasa kujiuliza: tuyape kazi gani, na kazi gani tuyanyime?

Historia yetu yatufundisha. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, redio ilisikika nchi nzima, lakini haikuachiwa kazi peke yake. Wananchi walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Walisikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Chombo kilikuwa na utaratibu nyuma yake.

Mtandao wa kijamii umeundwa kwa mazungumzo. Somo la Jumatatu, ifikapo Jumatano, limekwisha fukiwa na salamu na vichekesho. Hakuna daftari la mahudhurio wala mahali pa kutunza alama, na namba ya simu ya kila mmoja yaweza kuonekana na wote waliomo. Aidha, wenye mtandao huo wako ng'ambo, wala hawawajibiki kwa mitaala yetu.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kundi litumike kutangaza, kukumbusha na kujibu maswali; mitihani na alama zibaki katika kumbukumbu rasmi za shule. Pili, kila somo litumwalo kwa simu lipatikane pia kwa karatasi. Tatu, kundi la watoto lifunguliwe kwa namba za wazazi na kwa idhini yao, mkuu wa shule akijua, wala mwalimu asimwandikie mwanafunzi faraghani. Nne, bando lisitoke katika mshahara wa mwalimu, kwani kazi ya umma haina budi kulipiwa na umma.

Ndugu zangu, mtoto asiye na simu naye ni mwanafunzi wetu. Utaratibu wowote tutakaouweka, tuupime kwanza kwake.